Kamera Inayofunika Uso

Daktari aliniambia kwamba koo la baba lilikuwa na uvimbe ambao kisu kisingeufikia, na kwamba huenda asione msimu mwingine wa mvua. Aliyasema polepole, kwa heshima, akiwa amevua miwani. Nikamshukuru. Nikateremka hadi mjini Nyeri, nikasimama mbele ya duka la Mhindi mmoja aliyeuza redio, saa na kamera, nikaanza kutazama kamera.

Wengine wakipata habari kama hiyo huenda kanisani, wengine huenda kilabuni. Mimi nilisoma vibandiko vya bei. Nakumbuka nilijiuliza kama kuna kitu kilichoharibika ndani yangu, nikajibu kwamba huenda kipo, kisha nikaingia dukani.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa karani wa ofisi ya ardhi, mtu mzima ambaye hajaoa, na picha ndizo zilikuwa pombe yangu. Nilikuwa na kamera ya sanduku niliyoipata kwenye mnada wa setla mmoja, mkulima wa Kizungu wa upande wa Kiganjo aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Ilikuwa sanduku hasa: jeusi, lina tundu mbele na kidirisha juu. Uliishika tumboni, ukainamisha kichwa kukitazama kidirisha, ukabonyeza. Filamu moja ilitoa picha nane. Haikukubali kusogea karibu na mtu. Ukimkaribia, alitoka kama aliyemwagiwa maziwa.

Kwa sanduku hilo nilikuwa nimempiga baba picha nne. Katika zote nne amesimama mbali, amevaa kofia, na uso wake una ukubwa wa punje ya mahindi. Picha nyingine ya pekee aliyokuwa nayo duniani ilikuwa ile ya kipande chake cha utambulisho, aliyopigwa alipotoka kizuizini, akiwa na macho ya mtu aliyeambiwa asisogee. Kwetu mtu akifa, picha yake huwekwa mbele ya jeneza, kila ukoo ukapita na kusimama kando yake. Sikutaka baba azikwe na ile ya kipande. Hilo ndilo nililokuwa nikilitaka, na nilikuwa na miezi michache ya kulipata.

Kabatini mwa yule Mhindi kulikuwa na kamera mbili ambazo mshahara wangu ungeweza kuzifikia. Ya kwanza ilikuwa ya mkono wa pili, ya macho mawili, moja juu ya jingine, ya kutazamia juu kama sanduku langu lakini yenye kioo kikubwa, safi kama maji ya kisima. Ya pili ilikuwa mpya, ya kuweka jichoni. Hii ilipiga picha thelathini na sita kwa filamu moja, ilipima mwanga yenyewe, na ulipozungusha mdomo wake uso wa mtu ulikuja karibu hadi ukaona unywele uliosahauliwa na wembe.

Wiki tatu nzima nilikwenda dukani kila siku saa ya chakula cha mchana. Niliandika mazuri na mabaya ya kila moja nyuma ya fomu za kuomba hati za mashamba. Kamera ya macho mawili ilipindua kulia kuwa kushoto, ikaniudhi. Ya jichoni ilikuwa na vidude vingi nisivyovijua, nikaviogopa kidogo na kuvitamani zaidi. Wiki hizo tatu sikwenda kumwona baba hata mara moja. Alikuwa Kagio, mwendo wa saa chache kwa basi, na mimi nilikuwa nikilinganisha mikanda ya kubebea.

Nilikuwa na rafiki mmoja wa picha, mkufunzi wa polisi kule Kiganjo, mtu wa mkoa wa magharibi, mrefu, mwenye kucheka kwa bega. Yeye alikuwa na ya jichoni tayari. Aliniambia kwamba hiyo ya macho mawili ni kamera ya mababu, kwamba nikiivaa shingoni watu watadhani nauza dawa ya kunguni. Neno hilo liliniingia. Ukweli ni kwamba nilijiona nikitembea barabarani na ile mpya kifuani, kijana wa Uhuru, ingawa ujana wenyewe ulikuwa umeshaanza kuaga.

Siku niliyokwenda kulipa, Mhindi alinitazama, akaniuliza nataka kumpiga nani. Nikamwambia baba yangu. Akaitoa ile ya macho mawili akaiweka mbele yangu.

"Chukua hii," akasema. "Wazee wanapenda hii. Ukipiga, mzee anaona uso yako."

Nikadhani anataka kuondoa kabatini mzigo uliokosa mnunuzi. Biashara ni biashara. Nikanunua ile ya jichoni.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Kagio na kamera yangu na mkate mkubwa wa dukani. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa akimtunza baba, aliupokea mkate akauweka kando ya sufuria ya uji. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba baba hakuwa akimeza tena ila uji mwepesi. Uvivu wa akili ni kitu kibaya. Nilikuwa na habari zote za lenzi na sikuwa na habari ya koo la baba yangu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akichagua nyanya za soko. Hakuwa na nguvu ya kubeba sanduku, lakini mikono ilikuwa bado inajua kazi: ngumu huku, zilizoiva huku, zilizopasuka kwenye karai la ng'ombe. Tulisalimiana. Hatukuwahi kuwa watu wa maneno mengi, yeye na mimi. Tukikutana tuliulizana habari za mvua kama majirani wazuri. Nikamwambia nimekuja kumpiga picha nzuri. Akakubali kwa kichwa, akaivua kofia mwenyewe, akajipangusa kipaji kwa mkono. Mwanga ulikuwa mzuri sana. Niliinua kamera, nikafumba jicho moja, nikaanza kuzungusha mdomo wake ili uso uje.

Akageuza uso.

Nikadhani jua linamuumiza. Nikahama upande wa pili, nikainua tena. Akageuka tena, safari hii na bega pia. Nikamwambia, baba, ni dakika moja tu. Nilipoinua mara ya tatu aliichukua kofia yake akajifunika uso nayo.

"Shusha hicho kitu," akasema kwa Kikuyu, kwa sauti ile ya kukwaruza aliyokuwa amebaki nayo. "Ukikiweka hapo sikuoni wewe. Namwona yule wa gunia."

Mtu wa kwetu wa umri wangu hahitaji kuelezwa hayo, lakini wa leo huenda akahitaji. Wakati wa Hali ya Hatari watu walipangwa mstari, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevishwa gunia kichwa kizima, lenye matundu ya macho. Tulimwita gakunia. Hakusema neno. Akitikisa kichwa, wewe unapelekwa upande ule, na huko ndiko kulikokuwa na lori. Baba alitikisiwa kichwa. Alikaa kizuizini miaka mitano. Haya nilikuwa nayajua tangu utotoni, kama ninavyojua jina langu, lakini hatukuwahi kuyazungumza, na nilikuwa nimenunua kamera bila kuyafikiria hata kidogo.

Siku hiyo aliongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Alisema kilichomuumiza zaidi si ile miaka mitano. Ni kwamba hakuwahi kujua yule alikuwa nani. Uhuru ulikuja, wakaambiwa wasahau, wakakaa wote kanisa moja na chama kimoja cha ushirika, wakasaidiana kuoza mabinti. Na kwa miaka yote hiyo, alisema, kila Jumapili amekuwa akitazama macho ya wanaume wenzake juu ya vitabu vya nyimbo.

"Ile ya zamani ulikuwa unainama," akasema. "Nilikuwa nakuona."

Mtu mwingine angemshika mkono. Mimi niliirudisha kamera kwenye mfuko wake, nikafunga vifungo vyote viwili, nikamuuliza nyanya zinakwendaje siku hizi. Akanijibu kwamba bei si mbaya. Tulichagua pamoja mpaka zikaisha.

Jumatatu nilikuwa dukani kabla halijafunguliwa. Mhindi alisikiliza, akafungua kabati akanionyesha nafasi tupu. Ile ya macho mawili ilikuwa imechukuliwa na mpiga picha wa arusi kutoka Karatina. Hakunicheka. Alisema angeniagizia nyingine, lakini huenda ichukue miezi minne. Nikatoka. Nilijua miezi minne ni mingi kwa koo lile, na nililijua hilo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesoma ratiba ya basi.

Ni yule mkufunzi aliyenionyesha njia. Nilimsimulia habari yote tukiwa tumekaa nje ya kioski kimoja pale Kiganjo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue bega lake halikucheka. Kisha akaichukua kamera yangu, akagusa kijiti kidogo kilichokuwa mbele, nilichodhani ni pambo.

"Hii unavuta chini," akasema, "halafu unabonyeza, halafu unaenda zako. Inajipiga. Mimi ndiyo natumia nikijipiga na uniform, picha ya kutumia mama nyumbani. Hakuna mtu nyuma."

Nilirudi Kagio Jumamosi ya pili yake. Baba alikuwa amepungua mpaka koti lilikuwa likimvaa yeye. Nilipanga masanduku mawili ya nyanya, moja juu ya jingine, nikaweka kamera juu, nikailenga kiti chake. Nilimweleza kwamba sitaiinua. Aliikagua kwa mbali, muda mrefu.

"Nani atapiga?" akauliza.

"Hakuna mtu. Itapiga yenyewe."

"Hakuna mtu nyuma yake?"

"Hakuna."

Akafikiri. "Basi wewe njoo ukae hapa."

Dada akaleta kigoda. Nikavuta kijiti, nikabonyeza, nikakimbilia kigoda huku kamera ikilia kama nyuki aliyefungiwa kikombe. Niliogopa sana isije ikakwama. Nilihesabu sekunde kwa midomo. Ikalia tak. Nikaenda nikavuta tena, na tena. Tulipiga tatu, kisha baba akachoka, tukamwingiza ndani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona ameketi.

Filamu niliipeleka kwa Mhindi, naye akaituma Nairobi. Picha zilirudi wiki mbili baadaye, na baba alikuwa amefariki siku nne kabla. Niliibeba bahasha bila kuifungua mpaka nikafika nyumbani, kwa sababu kamati ya mazishi ilikuwa ikizingojea. Baba mdogo, aliyekuwa mwenyekiti, alizipanga mezani kando ya vikombe vya chai, akavaa miwani, akazitazama moja moja. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini hii haiwezi enda kwa jeneza. Mzee ameangalia kando."

Wakakubaliana. Mtu akatumwa studio ya Sagana na kile kipande, ikakuzwa ile picha ya macho ya asiyetakiwa kusogea, ikawekewa fremu na kitambaa cheupe. Sikubisha. Sikuwa na kitu ndani cha kubishia.

Siku ya mazishi nilipewa kazi ya kupiga picha, maana nani mwingine? Kila ukoo ulipita: wakwe, wajukuu, wa ushirika, kwaya, wanaume wa rika lake. Niliinua kamera jichoni mara thelathini na kitu na hakuna aliyegeuza uso. Wanaume wa rika lake walisimama wima, wakanitazama sawasawa. Nilikuwa nimefarijika kuwa nyuma ya kamera, kwa sababu hapo hakuna aliyeweza kuona kwamba sikuwa nikilia, wala kunitikisa bega akiniambia nijikaze. Nilikuwa nimejikaza kupita kiasi tayari.

Zile tatu nilizitazama vizuri baada ya matanga, chumbani kwangu Nyeri, mchana wa Jumapili, kwa sababu nilitaka kujua ni kosa gani nililofanya hata baba akaangalia kando. Nilidhani labda nililenga vibaya. Nikazichukua karibu na dirisha.

Hakukuwa na kosa. Uso wake umeingia wote, mkali, kila mkunjo mahali pake. Hakuwa akiangalia kando. Alikuwa akiniangalia mimi, usoni, kutoka karibu, kwa utulivu wa mtu ambaye hatimaye anamwona anayempiga picha. Na mimi niko pale kwenye kigoda, bega langu likigusa koti lake, shingo imenyooka, midomo ikihesabu. Nina picha tatu za siku hiyo. Katika zote tatu yeye ananitazama mimi, na katika zote tatu mimi naitazama kamera.