Mama Victorine wa Malvern na Ufunguo wa Bethania

Alizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1958, binti wa seremala, na tangu utotoni alikuwa mwoga. Tusifiche jambo hili. Wapo waumini wanaotaka iandikwe kwamba Mama Victorine hakujua woga, hao hawakumjua. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa hata jogoo wa jirani. Masista waliomlea walimsomesha akawa mwalimu wa historia, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa zile karne za kati, Wakristo na Waislamu walipougombea mji wa Yerusalemu, wakachinjana, kisha wakauziana viungo na kuazimana vitabu vya tiba kana kwamba hakuna lililotokea. Vita alivipitia mbiombio darasani, maana vilimtisha. Alikawia pale watu walipohifadhiana.

Mwaka 1998 mumewe, François, aliondoka kwenda Bukavu kutafuta dawa, asirudi. Victorine alifunga virago akashuka kusini, Lubumbashi kwanza, mwishowe Johannesburg, akapanga chumba mtaa wa Malvern na kushona nguo jirani na Jules Street. Aprili 2015 maduka ya wageni yaliposhambuliwa, alijilaza chini ya meza ya kukatia vitambaa, pini bado zikiwa mdomoni, akisikiliza filimbi za washambuliaji na vioo vikivunjwa duka la pili. Hawakuingia kwake. Lakini tangu siku ile, kila filimbi ilipolia mtaani, aliiacha kazi akarudi chini ya meza.

Wito wake ulimjia mwaka 2016, na ulianza na aibu. Bethania, kanisa dogo la Wakongo lililopanga ghala la zamani karibu na chumba chake, liligawanyika: watu wa Bukavu upande huu, watu wa Lubumbashi upande ule. Kila upande ukatia kufuli lake kwenye mnyororo wa geti, hata ikawa hakuna aingiaye pasipo mwenzake. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Safari hii aliyeumia alikuwa Falonne, msusi, ambaye jeneza la mtoto wake lilikaa juani kando ya lami asubuhi nzima, huku wanaume wazima wakitafutana kwa simu na kutupiana maneno.

Kwenye mkutano uliofuata Victorine alisimama, sauti ikitetemeka, akawasimulia habari za kanisa la Kaburi Takatifu kule Yerusalemu. Wakristo wa pale, alisema, walishindwa kupatana kuhusu mlango wao, na tangu enzi za Sultani Salahadini ufunguo hutunzwa na nyumba ya Waislamu, ambao hufungua na kufunga bila kudai hata benchi moja. Kisha akamtaja Khatibu, mtu wa Tanga, muuza vitambaa wa Jules Street, Mwislamu wa swala tano.

Steve, kiongozi wa kwaya, alishika kichwa. "Eish, Mama. Ufunguo ya kanisa kwa Mwislamu? Watu watatucheka."

"Walishatucheka, Steve. Mtoto alilala kwa barabara."

Likanunuliwa kufuli moja. Khatibu alikubali kwa sharti kwamba asiombwe kuvuka kizingiti. "Sayyidna Omar alipoingia Yerusalemu alikataa kusali kanisani, wafuasi wake wasije wakalidai," alimweleza Victorine. "Mimi ni nani basi, mama? Nitaishia getini." Victorine alifurahi, maana kisa kile alikuwa akikifundisha. Lakini furaha yake haikumtoa hofu. Khatibu akikosana na kanisa je? Siku wakiuhitaji ufunguo naye hayupo je? Yeye ndiye aliyesema, na dhambi ingekuwa yake. Miaka mitatu aliamka akitega sikio mpaka asikie mnyororo ukifunguliwa kwa ajili ya ibada, ndipo anywe chai.

Ikafika Septemba 2019. Jumatatu moja moshi ulipanda juu ya Jules Street, filimbi zikalia, na kundi la vijana wenye fimbo na mapanga likawa linashuka duka kwa duka. Kina mama wa Bethania walikimbilia kanisani na watoto wao. Geti lilikuwa limefungwa. Khatibu hakuonekana, na simu yake haikupokewa.

"Amekimbia," alisema Steve. "Nilisema mimi."

Victorine aliwatazama watoto. "Aliyempatia ufunguo ni mie," alisema, akaenda kuelekea kwenye moshi, akiambaa ukuta. Alipogonga mlango wa chuma wa duka na kutaja jina lake, Khatibu alifungua upenyo. Nyuma yake walikuwa mkewe na majirani Waislamu, wanawake na watoto, wamejibanza kati ya majora ya vitambaa.

"Mama, wallahi ningekuja. Ila nikitoka, hawa nani atawalinda?"

"Wakuje wote."

Wakapita uchochoro wa nyuma. Steve alipowaona akina mama wa hijabu wakija na mwanamke yule mwoga mbele yao, alisogea akawapisha njia. Khatibu alipofungua, alilishika geti mpaka wa mwisho wao akaingia.

Hapo ndipo ulipokuja mtihani. Kufuli likifungwa kwa ndani, kila mpita njia angejua mna watu. Likifungwa kwa nje, ghala lingeonekana tupu, kama Jumatatu zote. Khatibu alibaki nje na ufunguo wake. Victorine akamnyang'anya.

"Wewe ni kijana, watakuua. Mie ni mama muzee, watanipita."

"Mama, unatetemeka."

"Naogopa sana, mwanangu. Ingia."

Khatibu akavuka kizingiti kwa mara ya kwanza. Victorine akafunga, akaketi ukingoni mwa barabara. Waliokuwa ndani waliwaziba watoto midomo. Kwenye ufa wa ukuta Khatibu aliona kundi likisimama, mmoja akionyesha kufuli na kumnyooshea mama mkono apewe ufunguo aliokuwa ameushika. Victorine alikuwa akilia kwa sauti. Huku akilia, aliutupa ufunguo kwenye mtaro wa maji ya mvua. Wakampiga fimbo ya kichwa. Wakamwaga petroli getini wakawasha, moto ukashindwa kushika, wakaenda zao. Mama mmoja wa Kizulu, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, pale pale, ndiye aliyemwinua na kumpeleka hospitali.

Hakuzungumza tena ila mara moja, Falonne alipokuwa ameketi kando ya kitanda chake hospitalini. Aliuliza, "Mulifunguliwa?"

"Walikata mnyororo, Mama. Wote wako wazima."

Alifariki Alhamisi ya juma lile. Wapo wasemao moto ulizimwa na malaika. Wengine husema petroli ilikuwa na maji. Kila mmoja na ashike analoliweza. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, lakini watu wa Malvern hawakungoja kutangaziwa. Kufuli jipya liliponunuliwa, Steve mwenyewe ndiye aliyempelekea Khatibu ufunguo, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Basi wewe umwombaye Mama Victorine, usimwombe akuondolee woga. Yeye mwenyewe hakuondolewa. Mwombe kwamba saa yako itakapofika, ukiwa unatetemeka hivyo hivyo, uweze kuufunga mlango nawe ukiwa upande wa nje.