Barua katika Faili la Vyoo

Vijana wakisikia kwamba nilikuwa polisi Nakuru wakati wa Hatari, serikali ya wakoloni ilipopigana na watu wa msituni, swali lao la kwanza ni kama niliua mtu. Nikiwajibu kuwa nilibeba taipureta, si bunduki, hamu inawaisha hapo hapo. Shauri yao. Taipureta ile ilinitisha kuliko bunduki zote za ghala la silaha, na asiyeelewa hilo hajawahi kuandika jina la mwenzake kwenye karatasi ya serikali.

Tena niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Marehemu mke wangu alijua, watoto wanajua, na wewe ujue sasa tusije tukalaumiana mbele.

Nilikuwa karani katika ofisi ya polisi ya wilaya. Nilitoka kwetu magharibi na cheti cha darasa la nane, nikapewa namba ya askari, kepi, na meza ya dirishani. Wakati wa kiangazi upepo ulitoka ziwani na vumbi jeupe la magadi, likajaa kwenye herufi za mashine, nami nikawa nalisugua kwa mswaki wa zamani. Mwaka wa ofisi ulikuwa na majira yake sawa na mwaka wa shamba. Mvua ndefu zikiisha tulichukua makuruti. Walisimamishwa kwenye ukuta uliopigwa mstari wa chokaa, na ambaye utosi wake haukuufikia alirudi kwao. Agosti ilikuwa ya kukagua buti na blanketi. Novemba tuliandika ripoti ya mwaka: askari tunao wangapi, wangapi wamekufa, wangapi wamefukuzwa kwa ulevi, wangapi wametoroka, na pengo liko wapi, Gilgil, Njoro au Lanet. Orodha ya watu wote niliipiga mimi, nakala nne kwa kaboni.

Miaka mingine nilinakili tu orodha ya mwaka uliopita, nikafuta wafu na kuongeza wageni. Lakini mwaka wa pili wa Hatari Nairobi walitaka safu mpya. Kila askari aandikwe kabila, jina la baba, na mzee wa kwao anayemjua, kisha mzee huyo aandikiwe barua athibitishe. Serikali ilikuwa imeanza kuwaogopa askari wake wenyewe. Wakikuyu waliokuwa kwenye kikosi chetu walikuwa wameshaondolewa mmoja mmoja, na hatukuuliza walipelekwa wapi. Kuuliza kulikuwa kosa. Katika laini za polisi, zile nyumba zetu za mabati, watu waliacha kukaa milangoni jioni. Mtu akikusalimia sana ulijiuliza anataka nini, na asipokusalimia ulijiuliza amesikia nini.

Msimamizi wa laini alikuwa sajini mmoja aliyepigana Burma. Alikuwa mrefu, na sauti yake ya gwaride ilisikika hadi stesheni ya reli. Tangu aingie jeshini aliandikwa kuwa Mmaasai wa upande wa Narok. Mimi alinitania kila siku. "Karani," alizoea kusema, "wewe ukipigwa risasi utatoka wino." Nilipougua homa ya matumbo, mke wake aliniletea uji siku tisa, naye mwenyewe akanishika mgongo ninywe. Mimi sikuwa na ndugu Nakuru, kwa hiyo jambo hilo sikulisahau. Nilimpenda mtu yule.

Barua kutoka Narok ilifika katikati ya Novemba. Tarishi aliipiga muhuri, akaiandika kwenye daftari la barua zinazoingia, akaniwekea mezani. Ilikuwa ya Kiswahili, mwandiko mzuri wa karani wa chifu. Ilisema kwamba mzee tuliyemtaja alizaa mabinti tu. Huyo tunayemuulizia ni mtoto wa Kikuyu aliyeletwa huko wakati wa njaa, akachunga ng'ombe wa mzee mpaka akawa kijana, akachukua jina lake akaenda nalo jeshini. Mama yake mzazi ni mjane, ilisema barua, na anafanya kazi huko kwenu Njoro, kwenye shamba la mzungu lenye tangi jekundu.

Niliisoma mara tatu. Nikimpa barua ile mzungu wetu, mkuu wa polisi wa wilaya, sajini angekuwa ndani kabla ya chai ya saa kumi, maana mtu aliyeficha kabila miaka yote hiyo na kushika funguo za bunduki, nani angemsikiliza? Nikiichana, daftari la tarishi lingenisaliti, kwa sababu barua yenye namba lazima iwe mahali fulani. Nikiificha na ionekane, tutapanda lori moja la kwenda kizuizini, mimi na yeye.

Basi nikafungua faili la vyoo. Kila ofisi ina faili ambalo hakuna binadamu analitaka, na letu lilikuwa hilo: mashimo, chokaa, nzi, barua za daktari wa afya tangu kabla ya vita. Nikaitia barua mwisho kabisa, nyuma ya mchoro wa shimo. Kwenye orodha, mbele ya jina la sajini, nikapiga neno moja: Amethibitishwa. Mara ya kwanza nilipiga t mbili, ikabidi nianze karatasi upya.

Siku tatu baadaye mzungu akatoka chumbani kwake. Mkaguzi wa mwaka alikuwa anakuja kutoka Nairobi, na mwaka uliopita alilalamika juu ya harufu ya laini.

"Karani, lete faili ya choo," akasema.

Miaka minne sikuwahi kusikia mtu akiliitisha faili lile. Nililitoa. Mzungu hakulipokea, alimwashiria sajini aliyekuwa amesimama mlangoni, na sajini akalichukua, akalibana kwapani, wakaondoka wote wawili kwenda kuangalia vyoo. Nikamwona kupitia dirisha akivuka uwanja wa gwaride, mgongo umenyooka, amebeba kifo chake kwapani. Mzungu aliliweka faili juu ya pipa la chokaa, akaanza kufunua. Upepo ulikuwa unavuma. Kila karatasi iliyopepea niliihesabu kuwa ndiyo ile. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili na nikaomba, na siku zile sikuwa mtu wa kuomba.

Walikaa nusu saa. Sajini alirudi peke yake, akaniwekea faili mezani.

"Karani, mbona unatoka jasho hivi? Umeiba nini?"

"Malaria, afande."

"Meza dawa," akasema. "Tena huna mwili wa kuugua mara mbili."

Barua ilikuwa bado pale pale nyuma ya mchoro, nikadhani yamekwisha. Desemba ikaja amri nyingine. Mwezi wa Januari askari wote wa wilaya wangepangwa mstari mbele ya watu waliofunikwa magunia, yale yenye matundu mawili ya macho, ili wamguse yeyote wanayemtambua kuwa wa msituni. Wenye magunia walikuwa wafanyakazi wa mashambani, na zamu ya kwanza ilikuwa ya watu wa Njoro. Hapo nilielewa kwamba neno langu moja kwenye orodha halingemsaidia sajini chochote. Mama yake yuko Njoro, kwa vyovyote alikuwa akienda kumwona, na watu wa huko wana macho. Ilibidi Januari isimkute Nakuru.

Desemba ndiyo ilikuwa pia mwezi wa uhamisho. Kila mwaka tulitakiwa kutoa watu watatu kwenda Lodwar, jangwani kaskazini, na kila mwaka tulitoa wale ambao mzungu alitaka kuwasahau. Safari hii walitakiwa sajini mmoja na makonstebo wawili. Mzungu alinipa majina kwenye kikaratasi. Sajini aliyemchagua alikuwa mwingine, mlevi wa busaa ambaye aliwahi kupoteza buti moja akiwa amelivaa. Nilitaipu makonstebo wawili vilevile. Mahali pa mlevi nikaliweka jina la rafiki yangu.

Nilipeleka karatasi ile katikati ya nyingine kumi na tano, saa sita kasoro, wakati mzungu anawaza gofu. Alikuwa na desturi ya kutia sahihi huku akitazama nje. Akatia. Alipokuja kugundua, karatasi ilikuwa imeshafika Nairobi. Aliniuliza, "Mimi nasema huyu?" Nikamwonyesha sahihi yake. Alikuna shingo, akarudi chumbani kwake, kwa sababu angesema nini? Kwamba hasomi anachotia sahihi? Kikaratasi chake nilikuwa nimeshakitafuna na kukimeza, na wino una ladha mbaya.

Sajini alikuja jioni ile. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nani aliandika jina langu?"

"Amri imetoka juu, afande."

"Nimefagia laini za watu hawa miaka minane. Leo naenda kufa kiu Lodwar, na yule mlevi anabaki?" Akanitazama sana. "Karani, wewe unajua kitu."

Maneno yote nilikuwa nayo. Lakini nikawaza, je, akimwambia mkewe na mkewe amwambie jirani? Je, kama ni mtego, na barua ile ililetwa makusudi kunipima? Na wazo baya kuliko yote: je, kama kweli amekula kiapo cha watu wa msituni, na mimi ndiye mtu pekee anayejua yeye ni nani? Wakubwa walisema kikulacho ki nguoni mwako, na miaka ile tulikuwa tunakagua nguo zetu kila siku. Nikasema sijui. Aliondoka Jumatatu na mkewe nyuma ya lori la unga. Mama yule aliyeninywesha uji aligeuza uso upande wa pili.

Januari tulipangwa mstari, mimi pia, na kepi yangu. Gunia lilipita mbele yangu taratibu, nikasikia mtu akipumua ndani yake. Lilimgusa konstebo mmoja bega, akachukuliwa hapo hapo, na hatukumwona tena. Mimi halikunigusa.

Februari ndiyo ninayotaka kuiruka, na sitairuka. Wakikuyu waliokuwa wamebaki mashambani walikuwa wanarudishwa kwa malori rizavu, maeneo yaliyotengwa kwa kabila lao, na sisi ndio tuliotoa askari wa kusindikiza. Nilipewa amri niitaipu: malori manne, askari kumi, Jumatano saa mbili asubuhi, Njoro, shamba la tangi jekundu. Nilisimamisha vidole. Nilijua kuna mjane mmoja pale asiyejua kwa nini mwanawe haji tena. Nilikuwa na baiskeli, na Njoro si mbali. Ningeweza kumwonya. Ningeweza kumtumia mwanawe neno kwa dereva wa unga. Nilimaliza kutaipu, nikatoa kaboni, nikaenda kula chakula cha mchana.

Sajini alirudi Novemba ya pili baada ya hapo, tukiwa tena kwenye ripoti ya mwaka. Muda wake ulikuwa umekwisha, amekuja kuweka dole gumba kwenye karatasi za kuachishwa kazi. Alikuwa amekonda na macho yamekuwa manjano. Aliwasalimia wote ofisini kwa mkono, mpaka tarishi. Mimi alinipita.

Hasira ilinipanda. Mtu nimemwokoa shingo, ananipita kama kiti! Nilitaka anishukuru, ndiyo, niseme ukweli. Wengine walipotoka, nikafungua kabati, nikatoa faili la vyoo, nikamwekea barua mbele yake. "Soma, afande," nikasema. "Mzungu hajaiona. Ndiyo iliyonifanya nikupeleke Lodwar."

Alisoma kwa kidole, neno moja moja. Nikaona mabega yake yakishuka, nikajua ameelewa nilichomfanyia, na moyo wangu ukajaa. Kisha kidole kikafika mstari wa mwisho, kikasimama.

"Ulijua mama yuko Njoro."

"Barua ilisema."

"Na hukuniambia. Ningejua nimejulikana, ningemtoa pale kabla sijaondoka. Mke wangu ana dada Kisumu."

"Niliogopa, afande."

"Ulimwogopa nani? Mzungu?"

"Nilikuogopa wewe."

Akaitikia kwa kichwa, kwamba amesikia. Hakukasirika. Akaikunja barua kwenye mikunjo yake ya zamani.

"Alifia rizavu, kabla mahindi hayajakomaa," akasema. "Waliokuwa naye wananiambia alipakiwa kwenye lori, lakini siku hawaikumbuki. Nyinyi mna mafaili. Nitafutie, karani. Alipakiwa lini?"

"Jumatano," nikasema. "Ya pili ya Februari. Saa mbili asubuhi."

Lilinitoka tu. Sikuwa nimegusa faili lolote. Alinitazama, halafu akaitazama taipureta, halafu akanitazama tena. Akavaa kofia yake ya kiraia, akatoka, wala hakuufunga mlango.

Orodha ilitakiwa Nairobi siku ya Ijumaa. Nikatia karatasi na kaboni, nikaandika jina lake kwenye safu ya waliomaliza muda wao.