Printa ya Migosi na Watu wa Saga

Mwanangu, tangu uniambie kwenye simu kwamba umegundua kosa katika programu za ile prosesa yenu na ukanyamaza, sijakaa sawa. Ulinieleza kuwa ramani ya prosesa hiyo, ule ubongo wa kompyuta, iko wazi, haina mwenyewe, na watu wa kila nchi wanaiandikia programu na kugawana. Nikafurahi. Halafu ukaongeza kuwa wewe ni mgeni kwao, hutaki kuonekana unakosoa wakubwa. Hapo akili yangu ikarudi Migosi, pale Kisumu, miaka ya tisini, wakati nywele zangu zilikuwa nyeusi bila msaada wa chupa.

Nilikuwa nafundisha kompyuta katika chumba cha kanisa, kazi yangu ya kwanza, na niliipenda kupita kiasi. Mashine tulipewa na marafiki wa ng'ambo. Kumbe prosesa zake zilikuwa za aina nyingine kabisa, na programu zote tulizozipata mjini Kisumu hazikuendana nazo. Mashine nzima, haina ugonjwa wowote, inakaa pale kama sanduku kwa sababu hakuna aliyeiandikia kitu. Tayari kulikuwa na minong'ono kwamba chumba changu kingefaa kuwekwa viti.

Aliyetuokoa ni Mwalimu Odhiambo, mhadhiri kule Maseno, mtu wa mvi na maneno machache. Alikuja na disketi ndani ya mfuko wa sukari. Zilikuwa na mfumo wa bure, ulioandikwa kwa ajili ya prosesa kama zetu na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuonana. Walikuwa na mashine za aina hiyo na walikataa kuziacha zife, basi. Zetu zikawaka. Nilitaka kulia, na nililia kidogo.

Ikabaki shida moja. Ukituma ukurasa kwa printa, mashine inaganda. Wanafunzi wangu walikuwa wanakaribia mtihani, na msimamizi angetaka kazi iliyochapishwa. Mzee Ouma, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alikuwa ameshasema kwamba mtihani usipofanyika, darasa linafungwa. Hakusema kwa ubaya, lakini alisema.

Mwalimu akatushauri tuwaandikie wale walioandika mfumo hali ilivyo, naye angeituma kwa barua pepe kutoka Maseno. Mzee Ouma akasimama nyuma yangu na kunitajia maneno: tunashukuru sana, mashine zinafanya kazi vizuri, Mungu awabariki.

"Na printa, Mzee?" nikauliza.

"Madam, watu wametupatia kitu bure, sasa tuanze kulalamika? Hapana. Hiyo si adabu."

Unajua tulivyolelewa. Ukikaribishwa chakula, hata kama hakina chumvi, unakula na kusema ero kamano, asante sana. Nikaandika alivyotaka.

Mwalimu alipoisoma ile barua hakuituma. Siku iliyofuata alirudi nayo, akaiweka mbele ya Mzee Ouma.

"Mzee, printa inafanya?"

"Bado."

"Sasa hawa watu watajuaje? Ile saga ya kwenu Sondu, majirani wakikuja kulima, si unawaonyesha kisiki iko wapi?"

"Lazima. Watavunja jembe."

"Sasa wewe umewaficha kisiki, halafu umewaambia asante. Hawa si wenyeji wa kutulisha, Mzee. Hawa ni watu wa saga, na hata sisi tuko ndani. Jembe yetu ni kusema ukweli."

Wewe umekulia Nairobi, huenda saga hukuiona: majirani wanakuja na majembe yao kulima shamba lako, na zamu yao ikifika nawe unaenda. Mzee Ouma alikuwa ameiona maisha yake yote. Akavuta kiti.

"Madam, andika upya. Sema inaganda."

Tukaeleza yote: aina ya printa, maneno ya mwisho kwenye skrini, tulichojaribu. Majibu yakaja. Mama mmoja wa Brazili alikuwa na shida hiyo hiyo, akadhani ni printa yake imezeeka. Kijana wa Polandi akatuma kipande cha programu ili tukijaribu. Kikashindwa, tukamwambia kimeshindwa. Hakununa. Alitushukuru, akatuma kingine. Mwalimu akawa anabeba disketi kati ya Maseno na Kisumu, mpaka alasiri moja printa ikaanza kukwaruza na ukurasa ukatoka. Mzee Ouma aliushika kwa mikono miwili akausoma wote, na lilikuwa zoezi la kuchapa tu. Mtihani ulifanyika. Darasa likabaki.

Nawastaajabia watu wale mpaka leo. Hawakutujua, hawakutudai chochote, na walihangaikia printa ya Migosi kama iko sebuleni kwao.

Miezi ikapita, Mwalimu akaleta barua ya mtu wa Ufilipino. Printa yake inaganda, na ameambiwa aulize watu wa Migosi. Yaani sisi. Nikamgeukia Mzee Ouma, alikuwa ameshavaa miwani.

"Madam, andika. Mwambie asituogope. Halafu atuonyeshe kisiki iko wapi."

Mwanangu, prosesa yenu hata ramani yake ikiwa wazi kiasi gani, bila watu wa kuiandikia programu na kuambiana ukweli ni sanduku kama yale yetu. Usiwape wenzako shukrani tupu. Andika ulichokiona, kwa heshima, bila kuzungukazunguka. Wakikuambia ujaribu tena, jaribu. Na siku mgeni mwingine atakapokuja na swali ambalo wewe ulishalivuka, usimfanye ajione mjinga.

Andika leo, kabla hujalala. Mungu akujalie watu wa kulima nawe popote utakapokuwa, na shamba lao likiiva, nawe ule. Nyasaye ogwedhi, nyathina: Mungu akubariki, mwanangu.