Rafiki wa Fundi Bomba

Kosa lilikuwa la marahaba. Siku ya kwanza ya masomo, Fundi Bomba aliwahi darasani saa nzima kabla yetu. Alikuta bomba la sinki la nyuma linavuja, akatoa spana mfukoni akalikaza, kisha, kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, akafuta na ubao. Tulipoingia tukamwona mtu wa miaka arobaini na tano, shati limepigwa pasi, kasimama mbele. Tukasema kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu." Naye, kwa mazoea tu ya kuitikia watoto wa watu, akajibu, "Marahaba." Halafu akaenda kukaa dawati la tatu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kama sisi.

Maji yakimwagika hayazoleki, hata kwa fundi bomba. Kuanzia hapo tukawa tunamwamkia kila asubuhi na kumkwepa mchana kutwa. Nani angemtania mtu tuliyekwisha kumwita mwalimu? Akikaribia, tulikatisha maongezi. Tukiwa kwenye mazoezi ya karakana tulimwachia ashike bomba wa kwanza, kisha tukaenda kula bila kumwita. Wenzangu waliita heshima. Mimi naita uoga, tena wa kipumbavu, na nilikuwamo.

Alikuwa amefunga mabomba ya watu miaka ishirini bila cheti, huku vijana aliowafundisha kushika spana wakipanda vyeo mmoja mmoja na kugeuka wakubwa wake. Ndiyo maana alikuja chuoni. Mkewe alimruhusu kwa sharti moja, kama alivyonisimulia baadaye: "Una presha wewe. Muhula ukiisha huna hata mtu mmoja huko wa kukujulia hali, urudi nyumbani. Cheti hakitakuokota ukianguka."

Wiki ya mwisho ya muhula nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za bweni, peke yangu kama kawaida. Usidhani mimi nilikuwa na kundi. Yeye alisimama ngazi chache chini yangu, anaongea na simu. Nikamsikia akisema, "Ninaye, mama watoto. Yupo hapa hapa. Ngoja." Akageuka. Alinitazama kwa uso wa mtu mzima anayeomba kitu na kuona haya, akaninyooshea simu.

Ningekataa vipi? Niliipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe unayekaa naye?"

"Ndiye mimi," nikadanganya bila kigugumizi.

"Unayeandika kwa mkono wa kushoto?"

Nikasita. "Ndiyo, mama."

"Habari zako ninazo tangu mwezi wa kwanza. Kaniambia hupendi vitunguu, unavitoa unavipanga pembeni mwa sahani. Nikasema huyo lazima ni kitinda mimba, kadekezwa." Akacheka. Na kweli mimi ni kitinda mimba. "Haya, na mguu wa mama yako unaendeleaje?"

Sikuwa nimemweleza mtu yeyote pale chuoni habari za mguu wa mama. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa napiga simu nyumbani nikiwa kwenye ngazi zile zile, watu wakinipita juu na chini, nikiamini sina msikilizaji. Miezi mitatu mizima niliamini hakuna anayejua kama nipo, na iliniuma kuliko nilivyokubali.

Nilitaka kusema unaendelea vizuri, jibu ambalo sote tunalijua kwa moyo. Halikutoka.

"Wanataka kuukata, mama," nikasema.

Fundi Bomba alikuwa bado amesimama, anasubiri simu yake. Aliposikia hivyo alipanda, akakaa ngazi ile ile niliyokaa mimi, wala hakuidai simu.