Shairi la Kirusi la Baba Mdogo

Ndugu msomaji, wiki iliyopita niliaibika mbele ya shule nzima hapa Kisumu, na hadi sasa sina uso wa kuingia ofisi ya walimu.

Mwalimu mkuu aliandaa sherehe ya lugha ya Kirusi na washairi wake. Mgeni wa heshima alikuwa Mama Vera, Mrusi aliyeolewa na daktari mmoja wa mtaa wa Migosi. Mimi, mwalimu wa fasihi, nikajitolea kughani shairi. Marehemu baba mdogo alisomea Urusi, na kila alipokumbuka ujana wake alitamka maneno fulani ya Kirusi kwa sauti nzito, machozi yakimlengalenga. Niliyashika yote tangu utotoni, nikiamini ni shairi la mapenzi.

Siku ilipofika, nilipanda jukwaani. Nikaweka mkono kifuani, nikaanza. Mara nikamwona Mama Vera amefunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Moyo ukatulia kidogo: kumbe nimemliza! Nikafumba macho, nikakaza sauti hadi mwisho. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Mama, hebu tutafsirie," mwalimu mkuu akaomba, "hawa vijana wajue uzito wake."

Mama Vera akanitazama kwa huruma.

"Pole sana, mwalimu. Hili si shairi. Ni sheria ya bweni. Inasema, 'Ni marufuku kukaanga samaki chumbani. Ukipatikana tena, utafukuzwa.'"