Mkono Chini ya Ukungu

Mpiga dawa wa huku Mukuyuni ana vidole vilivyobabuka, na haanzi kazi kabla ya kupima hewa. Anachanganya dawa na maji, anapuliza mara moja juu, kisha ananyoosha mkono chini ya ule ukungu na kungoja. Leo saa sita niliyaona matone yakipungua, yakipungua, na mkono wake ukabaki mkavu.

“Wewe puliza tu, viwavi wanamaliza maua ya ndengu,” mama akamwambia.

“Mama Kaveke, maji yanakauka kabla ya kufika kwa majani. Dawa inabaki ikielea, inaenda na upepo. Tungoje jua lishuke.”

“Na hiyo jioni watakuwa wamebakisha nini, mawe?”

Mpiga dawa alitua pampu, akainama kwenye mstari wa kwanza, akaanza kuokota viwavi kwa mkono, mmoja mmoja. Tukamfuata. Mistari ilikuwa mingi mno.