Karata Aliyoichagua Abti Moyoni

Adhuhuri ikishaswaliwa, mji wa Garissa hulala. Maduka huteremsha milango nusu, mbuzi wa mitaani hujibanza kwenye vivuli vya mwarobaini, na joto hukaa juu ya mabati likikataa kuondoka. Mimi usingizi huo sikuwahi kuuweza. Tangu nikiwa msichana, saa hizo ndizo zangu za karata. Nakaa sebuleni kwenye mkeka, feni inazunguka kivivu, pazia linavuta pumzi na kuitoa, na vidole vyangu vinachanganya karata mpaka nisijue tena kama niko macho au naota.

Naomba jambo moja lieleweke mapema, maana kwetu mwanamke mwenye karata mkononi huonekana ama mcheza kamari ama mchawi. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kamari sijacheza, hata ya peremende. Sihiri siijui, ingawa mama yangu, kila nilipotoa karata kwenye mkono mpana wa baibui, alisema astaghfirullah huku akisogea karibu aone vizuri. Ni mchezo wa mikono tu. Niliujifunza kwa video za simu, nikirudia na kurudia hadi betri iniombe msamaha.

Mchezo nilioupenda kuliko yote ni ule wa karata ya moyoni. Humwambii mtu achomoe kitu. Unamwonyesha karata, anachagua moja kwa mawazo tu, hagusi, hasemi, halafu wewe unaifichua. Watu hudhani kazi iko kwenye kujua. Kujua kuna hila zake: unapozipitisha karata haraka mbele ya macho yake, moja unaiacha ionekane kitambo kidogo zaidi ya zingine, na jicho, kwa uvivu wake, linaikamata hiyo. Kazi hasa ni kufichua. Unaweza kuikuta karata yake imegeuka peke yake katikati ya zingine. Unaweza kujisugua jivu mkononi, jina la karata likajitokeza kwenye ngozi. Unaweza kumwambia ainue birika la chai, aikute chini yake. Niliwahi kumpigia simu mwalimu rafiki yangu aliyekuwa akifundisha Eldas, akaitaja karata kabla hata ya salamu, na chumba chetu cha walimu kikalipuka kwa kelele. Karata ni ileile. Namna inavyofichuliwa ndiyo inayomfanya mtu ahisi amesomwa moyo.

Ila mchezo huu una udhaifu mkubwa. Karata iko ndani ya mtu mwingine, na akiamua kukana, huna ushahidi.

Abti alikana kila mara.

Abti ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Kwa Kisomali mjomba na mpwa huitana neno hilohilo, kwa hiyo yeye alikuwa abti wangu na mimi nilikuwa abti wake. Alikuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo, na dalali wa kwetu hatangazi bei. Mnunuzi hunyoosha mkono, dalali huufunika kwa shali yake, na huko chini vidole huzungumza. Kushikwa kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili, kiganja kizima ni tano, na waliosimama kando hawaambulii kitu. Ukiuchomoa mkono, umekataa. Ukiushika wote wa mwenzako usiuachie, mmekubaliana. Wanunuzi wa kutoka bara walipoanza kupayuka, aliwatuliza kwa Kiswahili chake cha soko: "Leta mkono, bwana. Mdomo wacha ibumzike." Muda wote huo uso wake haukuonyesha hata kama amesikia njaa.

Mtu huyo ndiye niliyemfanya mtazamaji wangu. Kila alipokuja kwetu baada ya alasiri kunywa chai ya maziwa ya ngamia, nilipitisha karata mbele ya macho yake na kumwachia ileile: nne ya kopa, zile nyekundu zenye umbo la moyo. Kisha niliifichua. Mara ilikuwa ndani ya kiatu chake mlangoni, mara chini ya kisahani, mara nyuma ya kalenda ya ukutani. Naye aliitazama, akapiga funda la chai, akasema, "Siyo, abti."

"Ni ipi basi?"

"Hiyo anaijua mwenye mali."

Nilikuwa nakasirika kweli. Mimi si mtu wa kushindwa nikacheka. Nilimbadilishia namna za kufichua miaka nenda miaka rudi, nikijiambia kwamba siku moja nitapata ile itakayompasua uso, na kila mara nilipata "siyo" na funda la chai.

Kisha, asubuhi moja sokoni, kiharusi kikamwangusha. Kilichukua upande wake wa kulia na maneno yake yote. Alipotoka hospitali tulimtandikia godoro sebuleni, pale palipokuwa mkeka wangu.

Siku zile nazikumbuka kama siku za ndani ya maji. Sauti zilifika zimechelewa. Kivuli cha feni kilizunguka darini, na nikilala kidogo niliota ni ngamia wanaozunguka kisima, mmoja nyuma ya mwingine, na kengele zao za mti shingoni zikigonga taratibu. Nilipoamka, Abti alikuwa macho, anatazama dari ileile.

Wageni walikuja kumjulia hali, wengine kutoka mbali kama Hulugho. Kila mmoja aliinama, akaushika mkono wake wa kulia, ule uliokufa, akamwombea dua, akaurudisha kifuani kwa heshima. Wa kushoto ulikaa chini ya shali. Nani kwetu humsalimia mzee kwa mkono wa kushoto? Yeye mwenyewe hakuutoa. Angeona aibu kuutoa. Tulikuwa watu wa adabu sana, na kwa adabu hiyo tulikuwa tukizungumza na mkono wa maiti.

Ukimuuliza neno, kichwa kiliitikia. Unataka maji? Kiliitikia. Umeshiba? Kiliitikia. Mtoto wake mkubwa, binamu yangu, siku moja alimuuliza kama yeye ni ngamia. Alimuuliza kwa uchungu, wala si kwa dhihaka, na kichwa kikaitikia. Binamu akatoka nje. Tangu siku hiyo watu wakaanza kumjadili mbele yake, kama mtu anavyojadili mahali pa kuweka kabati.

Na mjadala ulikuwepo. Binamu ana duka Nairobi, na alikuja na gari kumchukua. Kuko na hospitali kubwa, alisema, na nyumba ni ghorofa ya tatu, hakuna vumbi. Mama akasema kaka yake haendi kokote, atakaa hapa, atamlisha kwa mkono wake. Habaswein, alikozaliwa Abti, waliko ngamia wake na kaburi la mkewe, kulitajwa tu kusema kwamba haiwezekani. Walibishana asubuhi, wakabishana kwenye chakula. Wote wawili walimpenda, na hiyo ndiyo iliyofanya kelele ziwe kubwa.

Mimi nilikuwa na swali tofauti. Je, yumo? Abti bado yumo ndani humo, au tunagombania nyumba ambayo mwenyewe amehama? Niliogopa kuuliza, kwa sababu niliogopa jibu. Lakini binamu alikwisha sema kesho yake wanaondoka, na mimi nikaona bora nijue.

Ilikuwa saa ya usingizi. Binamu alijinyoosha kwenye kochi, mkono juu ya macho. Mama alikuwa amesinzia kwenye msala wake, tasbihi imemponyoka. Nikapiga magoti kando ya godoro nikatoa karata. Safari hii sikufanya hila yoyote. Sikumwachia karata ionekane zaidi ya nyingine. Nilizitandaza zote juu ya shuka, nyuso juu, zikamfunika magoti.

"Abti, chagua moja. Moyoni."

Alizitazama. Pazia likavuta pumzi, likaitoa. Nikaanza kuzitaja moja moja kwa sauti ya chini, nikisubiri jicho lipepese au pumzi ishtuke, maana hiyo nayo ni namna ya kufichua: mwili humsaliti mwenyewe. Nilizitaja zote. Uso ukabaki wa dalali, na kichwa kikaitikia kila karata.

Nikaanza kuziokota. Mimi hushika karata kwa mkono wa kushoto, ili wa kulia ufanye kazi. Nilipoinama kuchukua ya mwisho, mkono huo wa karata ukagusa shali, na chini ya shali kitu kikajisogeza pembeni, kama mtu anayempisha mgeni akae.

Nikaweka karata chini. Nikauingiza mkono wangu wa kushoto chini ya shali, nikajisikia nikisema, kwa Kiswahili chake cha soko, "Leta mkono, bwana. Mdomo wacha ibumzike."

Vidole vyake vikaja. Vilikuwa vikavu, vina sugu, na havikuwa na haraka. Vikapapasa vyangu, vikavikusanya pamoja, cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho, vikavibana. Gumba vikaliacha nje.

Nne.

"Pao?" nikanong'ona, nikizitaja aina za karata. Mkono ulitulia. "Shupaza? Uru?" Ulitulia. "Kopa?" Ukucha ukakuna kiganja changu.

Nne ya kopa. Zilikuwa zimetandazwa zote mbele yake, na sikumwonyesha ipi. Aliichukua hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa yake siku zote. Miaka yote ile ya kiatu na kisahani na kalenda, miaka yote ya "siyo", nilikuwa nimepata!

"Mwongo wewe!" nikapiga kelele. "Mwongo mkubwa!" Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Mama aliruka kutoka kwenye msala akidhani kaka yake amekufa, na binamu akasimama akitafuta viatu.

Nikawaeleza. Binamu alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole, "Ni mishipa tu inaruka, dada." Sikumlaumu. Kutumaini kulikuwa kumemchosha.

 Mama alikuja akakaa nilipokuwa nimekaa. Maisha yake yote alikuwa dada wa dalali, na hajawahi kutia mkono chini ya shali ya soko. Hiyo ni kazi ya wanaume. Aliutazama mkono wake wa kulia, akauficha mapajani. Akasema bismillahi, akaingiza wa kushoto.

"Aboowe," akasema, ndivyo anavyomwita, kaka mkubwa. "Nairobi?"

Mkono ukachomoka. Tuliona shali ikilala bapa. Binamu naye aliona.

Mama akaufuata mkono, akaushika tena. "Hapa kwangu?" Aliuliza kwa sauti ya mtu anayelijua jibu.

Safari hii mkono haukuchomoka mara moja. Nadhani alikuwa akitafuta namna ya kukataa isiyouma. Kisha, polepole, kidole baada ya kidole, mkono ukatoka.  Nilitamani kumshika mama bega lakini nilijua angenisukuma.

"Habaswein?" akasema.

Shali ikakaza. Aliukamata mkono wote wa dada yake, na hakuuachia. Hakuuachia hata mama alipoanza kulia, hata alipomwambia, "Basi, aboowe, nimesikia, niache nikapike." Walikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Binamu alitoka uani, akasimama kando ya gari lake akitazama ukuta. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama barabara ya Habaswein inapitika. Mama alikuwa tayari anakunja nguo zake. Alisema anakwenda naye, na kwamba atakaa huko hadi wamchoke.

Waliondoka asubuhi iliyofuata. Tulimlaza Abti kwenye viti vya nyuma, juu ya godoro lake, mama akikaa kichwani kwake. Majirani walisimama uani kumuaga, kila mmoja akipenyeza mkono dirishani kuushika ule wa kulia. Nilisubiri zamu yangu. Nilipoinama, shali ilisogea, na mkono wa kushoto ukatoka mbele ya watu wote, ukachukua mkono wangu, ukaufunika.

Alinitazama. Alingoja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba zamu ya kuchagua ilikuwa yangu.

Nikachagua. Ningechagua ipi nyingine?

Vidole vyake vikavikusanya vyangu, vinne, gumba nje. Halafu ukucha ukakuna kiganja.

Nikaukausha uso wangu kadiri nilivyoweza.

"Siyo, abti," nikamwambia.

Upande mmoja wa mdomo wake, ule ambao bado ulikuwa wake, ukacheka.